George Stephenson: Mchunga Ng'ombe Aliyejifunza Kusoma Ukubwani

1. Wewe na garimoshi

Ndugu msomaji, ukikaa Dongobesh, Haydom, Katesh au Basotu, huwezi kusikia honi ya garimoshi. Wilaya za Mbulu na Hanang' hazina reli. Mazao yetu husafiri kwa lori. Mahali ambapo lori halifiki, mzigo hubebwa na punda, au na mtu mwenyewe. Ukitaka kuona reli, huna budi kusafiri nje ya wilaya hizi.

Huenda basi ukajiuliza: garimoshi linanihusu nini mimi?

Linakuhusu. Mtu ambaye watu wengi humwita baba wa reli alizaliwa katika nyumba isiyo na kitabu. Baba yake hakujua kusoma. Mama yake hakujua kusoma. Yeye mwenyewe alichunga ng'ombe alipokuwa mtoto. Alipofika umri wa miaka 18 alikuwa bado hajui kuandika jina lake. Kisha akaanza kwenda darasani jioni, baada ya kazi, kama wewe.

Jina lake ni George Stephenson. Soma habari zake polepole. Usiharakishe.

2. Mtoto wa mchochea moto

George alizaliwa tarehe 9 Juni 1781, katika kijiji cha Wylam, kaskazini mwa Uingereza, karibu na mji wa Newcastle. Nchi ile ilikuwa nchi ya makaa ya mawe. Makaa ya mawe ni mawe meusi yanayochimbwa ardhini, nayo huwaka moto mkali kuliko kuni.

Baba yake alikuwa mchochea moto. Kazi yake ilikuwa kutia makaa katika tanuri la mtambo uliovuta maji kutoka mgodini. Mshahara wake ulikuwa mdogo. Familia nzima ilikaa katika chumba kimoja. Fedha za kumpeleka mtoto shule hazikuwapo.

Mbele ya nyumba yao ilipita njia ya reli. Lakini reli hizo zilikuwa za mbao, na magari ya makaa yalivutwa na farasi. George alipokuwa mdogo alipewa kazi ya kuchunga ng'ombe wa mama mmoja mjane, wasije wakaingia katika njia hiyo. Kwa kazi hiyo alilipwa senti chache kila siku.

Wewe unayejua kazi ya kuchunga unajua pia kwamba mchungaji ana muda mwingi wa kutazama mambo. Husimuliwa kwamba George na rafiki yake walifinyanga mitambo midogo kwa udongo wa kando ya mto, wakaitengenezea mabomba kwa mabua. Tangu siku hizo moyo wake ulikuwa katika mitambo.

Alipokua alifanya kazi mgodini pamoja na baba yake. Alipofika miaka 17 alikuwa tayari ameaminiwa kusimamia mtambo wa maji. Baba alikuwa mchochea moto. Mtoto akawa msimamizi. Siku za mapumziko, vijana wengine walipokwenda kunywa, yeye aliufungua mtambo wake. Aliusafisha, akautazama kila kipande, kisha akaufunga tena. Hivyo aliujua mtambo huo kama mfugaji anavyomjua kila ng'ombe wake.

3. Jambo alilokosa

Lakini kulikuwa na ukuta mbele yake. Alisikia kwamba mahali pengine kulikuwa na mitambo mipya na mizuri zaidi. Habari za mitambo hiyo zilikuwa katika vitabu. Nave hakujua kusoma. Akili yake ilikuwa nzuri na mikono yake ilikuwa hodari, lakini aliweza kujua mambo yale tu aliyoyaona kwa macho yake, au aliyosimuliwa na wengine.

Basi, akiwa kijana wa miaka 18, aliamua kujifunza. Alikwenda kwa mwalimu jioni tatu kila juma. Alilipa peni 3 kwa juma, nazo kwake zilikuwa fedha za kutosha. Huko alikaa pamoja na watoto na vijana, akafuatisha herufi. Alipofika miaka 19 aliweza kuandika jina lake mwenyewe.

Baada ya hapo alijifunza hesabu. Alikuwa na kibao cha kuandikia. Mchana, mtambo ulipokuwa ukienda vizuri, alikaa kando yake akafanya hesabu alizopewa. Jioni alimpelekea mwalimu kibao ili asahihishe, naye akapewa hesabu nyingine.

Tazama jinsi alivyofanya, ndugu msomaji. Hakungoja apate nafasi kubwa. Alitumia dakika chache za hapa na pale. Mama anayengoja maharage yaive ana dakika kama hizo. Mzee anayelinda shamba anazo pia.

4. Miaka ya huzuni

Mwaka 1802 George alimwoa Frances Henderson. Ili kuongeza kipato alishona viatu na kutengeneza saa za watu. Mwaka 1803 walipata mtoto wa kiume, wakamwita Robert.

Kisha matatizo yakaja moja baada ya jingine. Mwaka 1805 walipata binti, lakini alifariki akiwa na umri wa majuma matatu tu. Mwaka 1806 Frances naye alifariki kwa ugonjwa wa kifua kikuu. George akabaki na mtoto mdogo asiye na mama.

Alimwacha mtoto kwa mama mmoja jirani, akaenda kutafuta kazi Scotland. Baada ya miezi michache alilazimika kurudi. Baba yake alikuwa amepata ajali kazini. Mvuke wa moto ulimpiga usoni, akawa kipofu. George alilipa madeni ya baba yake na kuwatunza wazazi wake. Dada yake alikuja kukaa naye ili amlee Robert.

Katika miaka hiyo alikuwa karibu kukata tamaa. Lakini hakuacha kazi, wala hakuacha kujifunza.

5. Mtambo ulioshinda mafundi

George alifanya kazi katika mgodi wa Killingworth. Mwaka 1811 shimo moja jipya lilijaa maji. Mtambo wa kuvuta maji ulikuwapo, lakini haukuweza kuyamaliza. Mafundi wengi waliujaribu wakashindwa. George aliutazama mtambo huo mara nyingi, akasema kwamba anaweza kuutengeneza.

Wakubwa wa mgodi walikuwa wamekwisha kuchoka, wakamruhusu. Aliufungua, akabadilisha sehemu zilizokuwa na kasoro, akaufunga tena. Baada ya siku chache maji yalikwisha, watu wakaweza kushuka kuchimba. Mwaka 1812 alipewa kazi ya kusimamia mitambo yote ya migodi ya Killingworth.

Sasa alikuwa na mshahara mzuri. Alifanya nini na fedha zake? Alimpeleka Robert shule nzuri mjini Newcastle. Shule ilikuwa mbali, kwa hiyo alimnunulia punda wa kumpanda. Kila siku mtoto alikwenda na kurudi juu ya punda. Jioni baba na mtoto walikaa pamoja mezani, wakasoma vitabu ambavyo Robert aliviazima mjini. Mambo aliyofundishwa mtoto mchana, baba aliyajifunza usiku.

Je, nyumbani kwako kuna mtoto anayesoma shule? Usione haya kumwuliza. George Stephenson hakuona haya.

6. Nguvu ya mvuke

Kabla hatujaendelea, fanya jaribio dogo. Bandika sufuria ya maji motoni, uifunike kwa kifuniko. Maji yakichemka, utaona kifuniko kinarukaruka. Nani anakiinua? Ni mvuke. Maji yakigeuka kuwa mvuke hutaka nafasi kubwa zaidi. Yakikosa nafasi, husukuma.

Injini ya mvuke hufanya kazi kwa njia hiyo. Ina pipa kubwa la chuma linaloitwa boila. Moto huchemsha maji yaliyomo ndani ya boila. Mvuke hupita katika bomba, ukaingia katika mtungi wa chuma ulio imara. Ndani ya mtungi huo mna kizibo kinachoitwa pistoni. Mvuke husukuma pistoni mbele, kisha huirudisha nyuma. Pistoni imefungwa kwa fimbo ya chuma, nayo fimbo huzungusha gurudumu.

Watu wengine husema kwamba Stephenson ndiye aliyevumbua garimoshi. Si kweli. Mwingereza mwingine, Richard Trevithick, aliendesha injini ya mvuke juu ya reli mwaka 1804. Lakini injini za mwanzo zilikuwa nzito, zikavunja reli, au ziliharibika mara kwa mara. Kazi ya Stephenson ilikuwa kuzifanya ziwe imara, zenye faida, na za kuaminika.

Mwaka 1814 alimaliza injini yake ya kwanza. Iliitwa Blücher, kwa jina la jemadari mmoja wa Kijerumani. Ilivuta mzigo wa tani 30 kupanda mlima, kwa mwendo wa kilomita 6 hivi kwa saa. Mwendo huo ni kama wa mtu anayetembea haraka. Lakini fikiri: ungehitaji punda wangapi kubeba tani 30?

7. Aliyedharauliwa

Migodini mlikuwa na hatari kubwa. Chini ya ardhi hutoka hewa inayoweza kuwaka. Wachimbaji waliingia na taa za moto. Hewa hiyo ilipokutana na moto ililipuka, watu wakafa.

Mwaka 1815 Stephenson alitengeneza taa ambayo moto wake haukuweza kuwasha hewa ya nje. Hakumtuma mtu mwingine kuijaribu. Aliingia nayo yeye mwenyewe mahali penye hewa ya hatari. Akatoka salama.

Wakati huohuo mtaalamu mmoja maarufu, Humphry Davy, alitengeneza taa ya namna hiyo mjini London. Davy alipewa zawadi ya paundi 2,000. Stephenson alishutumiwa kwamba ameiba wazo lake. Watu wa mjini hawakuamini kwamba mtu asiyekwenda shule, anayesema kwa lafudhi ya kijijini, angeweza kuvumbua kitu kama hicho. Watu wa kwao walichunguza jambo hilo, wakathibitisha kwamba alifanya kazi yake mwenyewe. Wakamchangia paundi 1,000. Mwaka 1833 kamati ya Bunge la Uingereza ilikubali kwamba alikuwa na haki sawa na Davy.

Dharau hiyo ilimwuma maisha yake yote. Ndiyo sababu alitaka mwanawe apate elimu ambayo yeye aliikosa.

8. Reli ya kwanza, na kosa kubwa

Mwaka 1821 Stephenson aliajiriwa kujenga reli kati ya miji ya Stockton na Darlington. Mwaka 1823 yeye, mwanawe Robert na wenzao walifungua kiwanda cha injini mjini Newcastle. Tarehe 27 Septemba 1825 reli ilifunguliwa. Injini iliyoitwa Locomotion ilivuta magari ya makaa na unga, pamoja na mamia ya watu waliopanda juu. Stephenson mwenyewe aliendesha.

Usidhani kwamba kila jambo alilofanya lilikwenda vizuri. Mwaka huohuo wa 1825 alitakiwa kueleza mbele ya kamati ya Bunge jinsi atakavyojenga reli kati ya Liverpool na Manchester. Alikuwa amewaachia wasaidizi wake kupima njia, wala hakukagua vipimo vyao. Wanasheria walimwuliza maswali makali. Ikaonekana kwamba vipimo vingi si sahihi. Alishindwa kujibu, akaaibika mbele ya watu wote. Bunge likakataa mpango ule.

Kosa lilikuwa lake. Aliyetoa kazi alipaswa kuikagua. Wenye mpango walitafuta wapimaji wengine, na mwaka 1826 Bunge likakubali. Hata hivyo, walipotafuta mtu wa kujenga reli yenyewe, walimrudia Stephenson. Hawakumpata mwingine aliyekuwa na ujuzi kama wake.

Njia ilipaswa kupita katika kinamasi kikubwa kinachoitwa Chat Moss. Udongo na mawe waliyotupa humo yalizama. Watu wengi walisema kazi hiyo haiwezekani. Stephenson aliweka mafungu ya matawi na vichaka juu ya tope, tabaka juu ya tabaka, kama kitanda kikubwa. Reli ikalala juu ya kitanda hicho, isizame. Wewe uliyewahi kutandaza matawi ili lori litoke katika matope wakati wa masika, utaelewa mara moja.

9. Mashindano ya Rainhill

Mwaka 1829 wenye reli hiyo hawakuwa wameamua kama magari yavutwe na injini zinazotembea, au kwa kamba na mitambo iliyosimama mahali pamoja. Basi waliitisha mashindano mahali paitwapo Rainhill. Zawadi ilikuwa paundi 500. Injini tano zilifika kushindana. Mojawapo haikuwa ya mvuke kabisa: iliendeshwa na farasi aliyekanyaga mkanda!

George na Robert walileta injini iitwayo Rocket. Robert ndiye aliyefanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Katika boila zilizotangulia, moto ulipita katika bomba moja kubwa au mawili. Katika Rocket, moto ulipita katika mabomba 25 madogo ya shaba. Kwa njia hiyo moto uliyagusa maji mahali pengi, yakachemka upesi zaidi. Ni kama kupasua gogo vipande vidogo ili liwake haraka.

Injini nyingine ziliharibika au zilishindwa kumaliza. Rocket peke yake ilimaliza kazi yote iliyoagizwa. Mwendo wake ulifika karibu kilomita 47 kwa saa. Katika siku hizo watu hawakuwahi kuona chombo kikienda hivyo.

Reli ya Liverpool na Manchester ilifunguliwa tarehe 15 Septemba 1830. Siku hiyo ya furaha ilikuwa pia siku ya msiba. Mbunge William Huskisson alishuka njiani, akasimama kwenye reli, akagongwa na Rocket, akafa. Watu walikuwa hawajazoea kupima mwendo wa garimoshi kwa macho. Jambo hili tulikumbuke tukisimama karibu na reli, au hata barabarani.

10. Garimoshi lafika Ujerumani

Habari zilienea. Tarehe 7 Desemba 1835 Wajerumani walifungua reli yao ya kwanza ya injini. Ilikuwa fupi, kilomita 6 hivi, kutoka mji wa Nürnberg mpaka mji jirani wa Fürth. Ilichukua watu waliotoka mji mmoja kwenda mji wa pili kwa shughuli zao. Injini yake, iitwayo Adler, maana yake Tai, ilitoka katika kiwanda cha Stephenson. Ilisafirishwa vipande vipande, ikaunganishwa huko. Dereva naye alitoka Uingereza. Mshahara wake ulikuwa mkubwa kuliko wa mkurugenzi wa reli yenyewe, kwa sababu hakuna mwenyeji aliyejua kazi hiyo.

Lakini Wajerumani hawakutaka kununua na kuazima daima. Walijifunza. August Borsig, mtoto wa seremala, alifungua kiwanda mjini Berlin. Mwaka 1841 injini yake ilishindanishwa na injini ya Stephenson, nayo ikafika kwanza. Mwanafunzi alikuwa amempita mwalimu.

Baadaye miji ya Ujerumani ilikua. Wafanyakazi walikaa mbali na viwanda, wakahitaji kupelekwa kazini asubuhi na kurudishwa jioni. Injini za safari ndefu zilivuta nyuma yao gari la maji na makaa. Hizo hazikufaa kwa safari fupi, kwa sababu ilibidi zigeuzwe kila mwisho wa njia. Mafundi wakatengeneza injini fupi, zenye matangi ya maji kwenye mwili wake wenyewe, na nafasi ya makaa nyuma ya dereva. Ni kama punda aliyebeba madebe mawili ya maji ubavuni, badala ya kukokota mkokoteni. Injini hiyo iliweza kwenda mbele na kurudi nyuma bila kugeuzwa. Ilisimama kila kituo na kuondoka upesi. Mwaka 1882 mji wa Berlin ulifungua reli iliyopita katikati ya mji juu ya matao ya matofali, na injini za namna hiyo zilivuta mabehewa yaliyojaa watu.

11. Garimoshi lafika kwetu

Injini za mvuke za Kijerumani zilifika nchini kwetu pia, zikiwamo zile zenye matangi ubavuni. Mwaka 1893 Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga. Mwaka 1896 ilifika Muheza. Mwaka 1902 ilifika Korogwe, mwaka 1905 ikafika Mombo, na mwaka 1911 ikafika Moshi. Mwaka 1929, wakati wa utawala wa Waingereza, ilifika Arusha.

Hapa lazima tuseme ukweli. Reli hiyo haikujengwa kwa ajili ya wananchi. Ilijengwa ili mazao ya mashamba ya walowezi yafike bandarini. Waafrika ndio waliofyeka misitu, waliochimba udongo na kubeba vyuma, na wengi wao walishurutishwa. Mtambo hauna ubaya wala wema wake wenyewe. Swali ni: nani anautawala, na unamfanyia nani kazi?

Reli ya Tanga ni nyembamba. Upana kati ya vyuma vyake viwili ni mita 1. Stephenson yeye alitumia upana mkubwa zaidi, ambao sasa ni milimita 1,435. Upana huo ulienea katika nchi nyingi za dunia. Mwaka 2024 Tanzania ilianza kusafirisha abiria kwa treni ya umeme kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro na Dodoma. Upana wa reli hiyo ni milimita 1,435. Mvuke haumo tena, moshi haumo tena, lakini kipimo cha yule mchunga ng'ombe wa Wylam kingali kimo.

12. Mwisho wa maisha yake

Stephenson alipata mali na sifa. Alikataa kupewa cheo cha heshima cha kifalme. Mwaka 1847 wahandisi wa mitambo wa Uingereza walipoanzisha chama chao, walimchagua awe rais wa kwanza. Mwanawe Robert alikuwa mhandisi maarufu, aliyejenga reli na madaraja makubwa.

Katika uzee wake George alikaa katika nyumba kubwa karibu na mji wa Chesterfield, akapenda kulima bustani. Alifariki tarehe 12 Agosti 1848.

Ndugu msomaji, si kila anayejifunza kusoma atatengeneza injini. Lakini mtu asiyejua kusoma husubiri asomewe. Husubiri asomewe barua ya mwanawe, karatasi ya mizani anapouza mazao, na maelezo ya dawa. George Stephenson alichoka kusubiri. Alikuwa na miaka 18, wewe huenda una 30 au 60. Alisoma kwa mwanga wa mshumaa, wewe huenda unasoma kwa kandili. Umefika mwisho wa habari hii ndefu kwa macho yako mwenyewe. Hiyo ni kazi. Kesho soma nyingine.

Maneno ya kukumbuka

Boila: pipa la chuma la kuchemshia maji ya injini.
Kinamasi: mahali penye tope na maji mengi.
Lafudhi: namna mtu anavyotamka maneno.
Mlowezi: mgeni aliyekuja kukaa na kulima katika nchi ya wengine.
Mvuke: maji yaliyogeuka kuwa hewa kwa sababu ya moto.
Pistoni: kizibo kinachosukumwa na mvuke ndani ya mtungi.

Maswali ya kujadili darasani

1. George Stephenson alifariki akiwa na umri wa miaka mingapi? Fanya hesabu.
2. Kwa nini alitaka kujua kusoma, ingawa alikuwa tayari ana kazi?
3. Alifanya kosa gani mwaka 1825? Je, katika kazi za kijiji chetu huwa tunakagua kazi tuliyompa mtu mwingine?
4. Kwa nini injini yenye matangi ubavuni ilifaa kwa safari fupi za mjini?
5. Reli ya Tanga ilijengwa kwa faida ya nani? Leo barabara na reli zinawafaidia nani?
6. Taja jambo moja ambalo wewe mwenyewe huhitaji tena kusomewa na mtu.